Tangi la Maji Juu ya Kalembe

Harufu ya gunia linaloungua polepole karibu na petroli hunirudisha mahali pamoja tu. Naweza kuwa sokoni, naweza kuwa nimekaa nyuma ya gereji nikimsubiri mtu, lakini ikinifikia tu vidole vyangu vinakufa ganzi, nami najikuta kwenye ngazi ya chuma ya gari la dawa, juu kabisa ya vilima vya Masisi. Nina miaka kumi, nimevaa koti la baba yangu linaloburuta chini, na nimekodolea macho uzi mwembamba wa maji. Ilikuwa kiangazi, katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa likizo kubwa ya shule. Mimi nilizaliwa Mpofi, katika msitu wa Walikale, ambako mtu hulala na shuka moja na hata hiyo huipiga teke kabla ya alfajiri. Sisi watu wa msituni tulijua mvua, tope, siafu na homa. Baridi tuliisikia kwa wenzetu, kama mtu anavyosikia habari za ndugu wa mbali ambaye hajawahi kuja kumtembelea. Mwaka ule tulimwendea wenyewe.

Baba yangu, Papa, alikuwa shofere, dereva wa gari lile. Lilikuwa kamio, yaani lori kubwa, lililojengewa chumba cha mbao mgongoni, na ndani ya chumba mlikuwa na kitanda cha wagonjwa, kabati la chupa na meza ya kuogeshea watoto. Aliyeliongoza alikuwa muuguzi wa Kizungu ambaye kila mtu alimwita Madamazeli, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, aliyezunguka vijijini kutibu kina mama na watoto wao. Chini ya sakafu ya chumba kile, upande wa nyuma, lilifungwa tangi la chuma la maji, mdomo wake ukitokeza juu ya sakafu. Bomba la shaba lilitoka kwenye tangi, likapita chini ya sakafu mahali penye upepo, likaishia pembeni mwa ngazi kwenye koki tuliyoiita robine. Bila maji yale hapakuwa na kazi. Vyombo visingechemshwa, vidonda visingeoshwa, na Madamazeli hakuwa mtu wa kushika mtoto wa mwenzake kwa mikono michafu.

Kiangazi kilichotangulia, shofere mwingine alilipandisha gari hilo juu ya Kalembe akalala tangi likiwa limejaa. Asubuhi walilikuta limepasuka kwenye mshono. Maji yalikuwa yameganda ndani, yakavimba, yakakirarua chuma kama kitambaa. Madamazeli akateremka siku ileile bila kumtibu mtu, na shofere yule akafukuzwa. Tangi jipya lilichukua miezi kufika. Papa alipokabidhiwa funguo alipewa sheria moja, naye akairudia mbele yetu jioni baada ya jioni mpaka mimi na mama tukaikariri pamoja na sala: ukishapita Kalembe wakati wa kiangazi, kila jioni fungua kizibo cha chini, fungua robine, mwaga maji yote mpaka tone la mwisho, acha kila kitu wazi mpaka jua litoke. Tangi likiharibika tena, shofere anarudi kwao. Kurudi kwao tulijua maana yake. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazi, na mimi nilikuwa mmoja wa wasichana wachache wa Mpofi waliokalia benchi la shule, kwa sababu tu Papa alikuwa na kazi. Kazi ikiisha, tungekwenda kulima kwa baba zangu wadogo Kibua, na huko hakuna mtu aliyekuwa na mpango wa kumtuma binti shuleni. Nililijua hilo nikiwa na miaka kumi vizuri zaidi kuliko nilivyojua hesabu.

Mama alikuwa amejifungua karibuni, kwa hiyo safari ile nilichukuliwa mimi nikaoshe chupa na kukunja bendeji. Nilijiona mtu mkubwa. Tulilala Kibua, kesho yake tukapita Kalembe, halafu gari likaanza kupanda kwa gia ya kwanza, likinguruma na kutetemeka, huku Papa ameinama juu ya usukani kana kwamba anaisukuma milima kwa kifua. Migomba ikaisha. Miti ikawa mifupi, kisha ikabaki nyasi na mashamba ya njegere. Masikio yangu yaliziba. Pumzi ilinitoka puani kama moshi, nami nikadhani nimeugua, nikaufunga mdomo wangu kwa kiganja ili Madamazeli asinione. Alasiri tukasimama kwenye kijiji kilichokaa katika bonde la juu, kati ya vilima viwili. Mbingu ilikuwa safi bila wingu hata moja. Papa alishuka, akaitazama mbingu ile, na uso wake haukunipendeza.

Papa alifanya kama alivyoagizwa. Alifungua kizibo, akamwaga maji yaliyobaki njiani, akatia madumu mawili ya maji ndani ya chumba kwa ajili ya asubuhi. Madamazeli alikwenda kupumzika katika nyumba ya katekista, ambako alipewa chumba, na mimi nikaanza kujikunja kwenye kiti cha mbele. Hapo ndipo tulipoona kina mama wanapanda kutoka bondeni. Walikuja kwa mstari, wazee kwa vijana, kila mmoja na mtungi au kibuyu kichwani, wengine na watoto mgongoni. Kisima chao wakati wa kiangazi kilikuwa chini sana, mtu aliyeondoka jua likiwa juu alirudi likiwa linazama. Aliyewatangulia alikuwa mke wa katekista, Mama Bahati, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Alitua mtungi wake mbele ya Papa, akapumua kwanza.

"Papa shofere," akasema, "mwaka ingine gari ilikosa maji, Madamazeli akarudi, batoto wetu bakabaki na magonjwa yabo. Leo tumeleta maji sisi wenyewe. Tunajaza mu tangi, asikose kitu."

Kina mama walikuwa wameshajipanga. Papa akakifunga kizibo, akashika faneli, na maji yakaingia mtungi baada ya mtungi, na kila aliyemaliza kumimina aliligonga tangi kwa ngumi kusikia limefika wapi. Lilipojaa walifurahi kwelikweli. Mmoja alinishika shavu akaniambia kwamba kesho mwanawe wa kwanza kupona ataitwa jina langu. Kisha wakaenda zao kupika, jua likazama nyuma ya kilima, na baridi ikashuka kwa ghafla kama mtu aliyekuwa amejificha akingoja waondoke.

Huenda msomaji anajiuliza kwa nini Papa hakuyamwaga maji yale palepale. Nami nilijiuliza, na nilimuuliza. Kwetu Mpofi mgeni huletewa maji ya kuoga jioni, na mgeni anayeyamwaga bila kuyagusa amewaambia wenyeji wazi kwamba hatalala kwao, kwamba anawashuku. Watu wamevunja undugu kwa jambo hilo. Na haya hayakuwa maji ya kuoga ya mtu mmoja. Zaidi ya hayo, gari lilisimama mahali pa juu, maji yangetiririka kupita milangoni mwao, na asubuhi wangelikuta tangi tupu, wakadhani Madamazeli amejiandaa kuondoka tena. "Hawa bamama batanionaje?" Papa aliniuliza, mimi mtoto, kwa sauti ya mtu aliyekwama. "Bamepanda na hii maji ku kichwa. Mi niimwage mbele yabo?" Mpaka leo sina uhakika kama nina jibu.

Tukiwa bado tunaangaliana, Madamazeli akatokea mlangoni kwa katekista na taa mkononi. Hakuja mpaka kwenye gari. Aliuliza tu kwa mbali, kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Shofere, umemwaga maji?"

"Ndiyo, Madamazeli," akasema Papa.

Baba yangu alikuwa ametuchapa kwa uongo mdogo kuliko huo. Taa ikarudi ndani, mlango ukafungwa, na Papa akabaki ameushika mlango wa gari kana kwamba ungeanguka. Halafu akapiga moyo konde, akaanza kufanya kazi kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Alifikiri hivi: mto haugandi. Hata njiani tulipokuwa tunapanda tuliona kijito kinakwenda, huku madimbwi ya kivulini pembeni yake yakiwa na ngozi nyeupe. Kwa hiyo maji yaliyosimama ndiyo yanayokuwa jiwe, na yanayotembea yanapona. Alilizungushia tangi magunia na nyasi kavu alizozikata kwa panga, akalikaza kwa kamba. Chini yake akaweka babula, lile jiko dogo la makaa tulilopikia njiani. Lakini tangi la petroli lilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, kwa hiyo jiko lile halikuwa la kuachwa peke yake hata kidogo. Papa alilala chali chini ya gari, akilisogeza kwa fimbo, akizima kwa kiganja kila cheche iliyoruka. Gunia likishika moto alilikung'uta na kulibana. Mimi alinipa robine. Aliifungua kidogo sana, maji yakatoka kama uzi, yakaangukia beseni. Kazi yangu ilikuwa kuangalia uzi usikatike, beseni likijaa kupanda ngazi na kuyarudisha maji juu kwenye mdomo wa tangi, halafu kushuka tena.

"Usilale," aliniambia. "Ukisikia imenyamaza, fungua zaidi, uniite. Ikisimama kidogo tu, tumekwisha."

Nilifanya hivyo mara nyingi sana. Mikono yangu ilikuwa imelowa hadi viwiko, na koti la Papa lililowa mikono yake likawa gumu kama gome. Nilihesabu matone, nikaimba nyimbo zote za shule kwa sauti ya chini, nikaomba Mungu kwa majina yote niliyofundishwa na mawili ambayo bibi yangu aliyatumia padre akiwa hayupo. Nyota zilikuwa nyingi na karibu mno, sikuzipenda. Kutoka chini ya gari nilisikia Papa akikohoa moshi, na kila mara aliuliza, "Inatembea?" nami nikajibu, "Inatembea, Papa." Kisha makaa yakaisha. Alitoka akiwa mweusi usoni, akaniambia anakwenda kuomba makaa jikoni kwa Mama Bahati, arudi sasa hivi. Nilimwona anaondoka kwa haraka na kigae mkononi. Nikajiambia nitaegemeza kichwa kwenye mlango mpaka atakapoonekana tena.

Kilichoniamsha ni ukimya. Sijui nililala muda gani. Beseni lilikuwa na kifuniko cha kioo juu yake, na kutoka kwenye mdomo wa robine palining'inia kitu chenye urefu wa kidole changu, kigumu, kinachong'aa. Niliigeuza robine, ikakataa. Niliitikisa, nikaitia mdomoni nikaipulizia, ngozi ya midomo yangu ikabaki hapo. Nikasikia nyayo za Papa kwenye nyasi zilizokauka kwa baridi. Aliniuliza hata kabla hajafika, "Inatembea?"

"Imesimama sasa hivi tu, Papa," nikasema. "Sasa hivi, ukiwa pale."

Alipiga magoti, akayaweka makaa yote aliyoyaomba chini ya lile bomba la shaba, karibu kabisa, akapuliza kwa nguvu zake zote. Mtu anayejua kwamba bomba limeganda muda mrefu huenda angelipasha polepole, kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Sisemi kwamba ni moto ule uliolipasua. Inawezekana lilikuwa limekwisha kupasuka wakati nimelala. Ninachojua ni kwamba tulisikia sauti fupi, tak, kama mtu aliyevunja kijiti cha kuwashia, halafu maji yakaanza kuchuruzika juu ya makaa, na moshi wa mvuke ukatufunika wote wawili. Papa alilikumbatia bomba kwa mikono miwili. Aliungua, alama zake alizikwa nazo. Nilikaa kwenye ngazi nikalia bila sauti, kwa sababu niliogopa angeniuliza ninalia nini.

Kulipokucha bonde zima lilikuwa jeupe kwa umande ulioganda, na mimi ambaye sikuwahi kuona kitu kama kile sikukitazama hata mara mbili. Tangi lenyewe lilikuwa zima. Bomba lilikuwa na ufa mrefu kama jani la mwanzi. Madamazeli alikuja, akaona magunia, akaona babula, akaona dimbwi lililoganda chini ya gari, na hakuhitaji kuambiwa. Kina mama walikuwa wameshafika na watoto wao, wamekaa kwenye nyasi wakiota jua. Aliuliza maswali mawili tu. Kwanza aliuliza kwa nini maji hayakumwagwa, na Papa akaeleza, kofia mkononi, bila kujitetea sana. Kisha akauliza nani alikuwa anaangalia robine.

Nilisimama. Namshuhudia Mungu, nilisimama, na mdomo wangu ulikuwa wazi.

"Ni mi," akasema Papa. "Mutoto alikuwa mu gari, alilala mapema. Mi njo niliangalia robine, usingizi ikanishika."

Hakunitazama. Mama Bahati, aliyekuwa amesikia yote, akainuka taratibu, akaja mpaka kwenye tangi, akaweka kiganja juu ya magunia yaliyoungua. "Papa," akasema, "sisi wakati ya baridi tunamwaga mitungi kila jioni, ao tunaingiza karibu na moto, juu ya kuganda inapasuka. Hii tulifikiri gari iko na moto yake ndani, inalinda maji. Ungetuambia tu. Maji ni ya kurudia kuchota." Hapo ndipo nilipomwona baba yangu anainamisha kichwa. Kumbe wenyeji waliogopa kuuliza wasionekane washamba mbele ya gari, na mgeni aliogopa kusema asionekane hana adabu mbele ya wenyeji, na kati ya adabu hizo mbili bomba likapasuka. Nilikasirika. Niliwakasirikia wote, kina mama na heshima yao, Papa na heshima yake, na zaidi ya wote nilijikasirikia mwenyewe.

Siku ile kazi ilifanyika. Kina mama walichota tena, Madamazeli akawatibu watoto mpaka jua lilipopinduka, akiosha mikono yake katika beseni lilelile. Jioni, tangi likiwa tupu na kila kizibo kikiwa wazi, alimwita Papa. Alisema bomba litatengenezwa, bomba si kitu. Lakini shofere anayemwambia ndiyo wakati ni hapana, hawezi kumpandisha tena kwenye milima hii, naye akalala kwa amani. Sikumchukia kwa maneno yale, ingawa nilijaribu. Papa aliliendesha gari kuteremka mpaka Kalembe, mpaka Kibua, mpaka Mpofi, kwa uangalifu kana kwamba limejaa mayai, akaziweka funguo mezani. Mwezi uliofuata tulihamia Kibua. Nilikaa misimu miwili nikilima na kupalilia kabla padre mmoja hajazungumza na baba zangu wadogo, nikarudishwa darasani kukaa na watoto walionifikia begani. Papa hakushika usukani tena maishani mwake.

Siku hizi nakaa Goma. Nyumbani kwangu barafu ni biashara ya wajukuu: wanagandisha maji ndani ya vifuko, wanawauzia wapita njia, na umeme ukikatika wananung'unika kwa sababu maji yamekataa kuganda. Nikiwaangalia nacheka mwenyewe, wananiuliza bibi anacheka nini, siwaambii. Barabara ya Walikale wanaipita wajukuu wengine, mashofere, na uongo wanaumwaga kwenye simu huku wanakula, "niko njiani, bosi, nimekaribia", na hakuna bomba linalopasuka. Labda ni maendeleo. Mimi nilibaki na uongo wangu mmoja miaka mingi, nikazaa watoto nikiwa nao, mpaka siku moja nilipokwenda kumwona Papa Kibua, mzee sasa, akiwa anaota jua kwenye kiti cha kamba. Nikamwambia kwamba robine ile haikuwa imesimama sasa hivi. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimelala, na kwamba nilimdanganya.

Alinyoosha miguu yake juani. "Nilijua," akasema. "Niliona ile barafu, ilikuwa murefu sawa kidole yako. Barafu ya sasa hivi haifike pale. Lakini wewe ulikuwa na miaka kumi, na bongo ya kwanza, ile ya kumudanganya Madamazeli, ilikuwa ya kwangu. Ningekuchapa na mukono gani?"

Mjukuu wangu akinidanganya leo namshika hapohapo, mbele ya watu, nifurahie kwamba sijazeeka. Najua kwamba baba yangu, mikono imeungua na kazi inamponyoka, aliweza kunyamaza. Mimi sijaweza hata mara moja, ingawa uongo wao haujanipotezea kitu.